Kiti cha Bosibori

Kebirigo, Nyamira
Jumapili alasiri

Mama,

Nianze na mguu wako kabla ya salamu zote. Ule uvimbe umeshuka? Juzi kwenye simu ulisema uko sawa, kwa ile sauti yako ya kusema uko sawa, nami nakujua. Usipande tena juu ya stuli kutoa vyombo vya kabatini. Mwite Athumani, ndugu yangu huyo ana mikono mirefu na Ijumaa baada ya swala hana kazi yoyote ya maana. Na Bibi je, kifua kimemwachia? Nakusalimu kwa kukushika mikono yote miwili, na Bibi namwamkia kwa magoti, asije akasema nimekuja kusoma bara nikasahau adabu.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nasikia baridi. Ulisema niandike kwa mkono kwa sababu Bibi hataki habari za simu zinazokatika katikati, anataka kusomewa barua kama zamani, akiwa kwenye kiti chake cha kamba pale barazani. Basi atulie, na Athumani asome polepole. Asiruke maneno. Nitamwuliza Bibi nikija, na atayakumbuka yote.

Najua una donge nami. Wenzangu wa chuo walipofunga walipanda mabasi wakaenda kwao, mimi nikabaki huku kujitolea katika nasari, kazi ya bure, na mamangu anachechemea nyumbani peke yake. Maneno hayo ni yako, nimeyaandika kama ulivyoyasema. Leo nataka nikueleze kilichonishika huku. Kina miaka minne, kina sweta ya kijani iliyofumuka mkono mmoja, na jina lake ni Bosibori.

Kwanza ujue ninakoishi. Nimepewa chumba cha nyuma kwa Madam Nyaboke, mwalimu wa darasa ninalosaidia. Ni mama wa rika lako, Msabato, na Wasabato hawali nguruwe, kwa hiyo Bibi apumue. Jumamosi hapa hakuna moto mkubwa wala kufua, watu wako kanisani siku nzima, nami nashinda ndani najifunika blanketi nasoma. Mvua hunyesha karibu kila alasiri. Pande zote ni majani chai, hata ukichungulia dirisha la choo unaona chai.

Darasa letu lina mikeka, ubao, meza moja na kiti kimoja, vyote viwili vya Madam. Watoto hukaa chini. Madam ana fimbo ya kuonyeshea herufi ubaoni. Sheria imekataza kumpiga mtoto, naye anaijua sheria, kwa hiyo kelele zikizidi fimbo hupiga meza. Meza ile imeonewa sana, Mama.

Sasa Bosibori. Asubuhi mamake, anaitwa Kemunto, humleta akiwa amevaa gambuti, kikapu mgongoni, anakwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Akishamwacha mlangoni, mtoto haingii. Husimama pale na mikono nyuma akitukagua. Kisha anaanza kazi. "Wewe, pangusa kamasi." "Wewe, hiyo kiatu umevaa mbaya." "Wewe, inchwo," yaani njoo, na aliyeitwa anakwenda. Tatizo ni kwamba mara nyingi amesema kweli. Kamasi ipo, na kiatu kimevaliwa kombo. Lakini anayechelewa kumtii hula kofi, na kofi la Bosibori si la mchezo.

Wiki yangu ya kwanza alimwambia mvulana mmoja, Brayo, arudishe vipande vya mbao ndani ya katoni. Brayo akakataa, mara akapigwa na kipande cha mbao kwenye paji la uso, likavimba mpaka jicho likawa dogo. Brayo ni mtoto wa mwenye duka pale sokoni. Mamake alikuja na viatu vyake vya kisigino, akasimama katikati ya mikeka yetu akasema yote aliyokuwa nayo. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningesema zaidi.

Mwalimu mkuu akamwita Kemunto kutoka chai. Alikuja vilevile alivyokuwa, jani moja limemganda kwenye mkono wa sweta. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, ila amechoka. Akamwambia mbele yetu, "Huyu mtoto akiumiza mwingine tena, hata mara moja, atakaa nyumbani mpaka mwaka ujao."

Kemunto hakubishana. Alisema tu, "Mwalimu, nitamwacha na nani? Baba yake anatoka na giza kupeleka ndizi Suneka. Mzee, babu yake, haoni vizuri. Mwaka jana nilimwacha na mzee, nikampata huko chini kwa mto, peke yake, anafua nguo za watu wote."

Nilicheka kidogo hapo pa kufua, kisha nikawaza ule mto, sikucheka tena. Nimepita kando yake. Mvua ikinyesha juu milimani unajaa ghafla. Hilo ndilo lililonifanya nisipande basi, Mama. Nilijiambia, mimi ndiye msomi hapa, nimefundishwa jinsi ya kutuliza watoto, sitamwacha huyu arudi mtoni.

Chuoni tulifundishwa hivi: mtoto akikosa, usimchape wala usimpigie kelele. Mtoe pembeni, mkalishe kwenye kiti peke yake, akae mpaka moyo upoe, kisha azungumzwe. Nikamweleza Madam Nyaboke. Akasema, "Jaribu. Mimi niko na meza yangu." Nikaenda kuazima kiti ofisini, kiti kizuri cha mbao chenye mikono, nikakiweka karibu na dirisha. Nikawatangazia watoto kwamba hicho ni kiti cha kutulia.

Siku hiyohiyo Bosibori alimzaba mtu kofi, kwa bahati jepesi, lisiloacha hata alama. Nikamshika mkono nikampeleka kitini. Akapanda. Akajiweka sawa, akaweka mikono yake miwili juu ya mikono ya kiti, miguu inaning'inia, akatutazama sisi wa chini. Hakulia wala hakuinamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Ticha, endelea."

Na darasa zima lilikuwa linamtazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata.

Kesho yake asubuhi mmoja akamwaga maji kwenye mkeka makusudi, akaja mwenyewe akasimama mbele yangu. "Ticha, mimi nimekosa. Nipeleke kwa kiti." Nikamwambia asirudie. Akasema, "Hata kesho nitakosa." Msichana mmoja mpole, ambaye hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, alimvuta mwenzake nywele huku akinitazama kama nimeona. Kufikia saa ya uji nilikuwa na foleni ya wakosaji, na nyuma ya foleni Bosibori anawapanga: "Wewe baadaye. Wewe hujakosa sana."

Madam Nyaboke alicheka mpaka akashika ubao. "Madam Halima," akaniambia, "umewapa hii watoto ubunge." Alipomaliza kufuta machozi akasema tu, "Jumapili tutaenda kwa akina Bosibori. Chuo yako haijafika kwa hiyo boma."

Tukaenda. Si mbali, ni kushuka kwenye chai na kupanda kilima cha migomba. Nyumba ni safi, imepakwa udongo mwekundu chini. Ndani palikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia mzee, babu yake, macho yamefunikwa na ukungu. Kingine alikalia baba yake Bosibori. Mtoto alipoingia, Mama, baba yake akainuka. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, akainuka akampisha, na Bosibori akapanda kiti kile bila kusema asante, akaweka mikono vilevile.

"Huyo ni mama yangu," baba akaniambia, bila mzaha wowote.

Ndipo nikaelezwa. Huku kwao jina la mtoto huchukuliwa kwa aliyekufa. Mama mzazi wa huyu baba aliitwa Bosibori, alifariki kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto alipokuja akapewa jina. Basi amekuwa yeye. Mzee humwita mke wangu. Alilalamika mbele yetu kwamba mke wake siku hizi hamsikilizi, na kwamba chumvi ya jana ilikuwa nyingi, na mtoto akamjibu, "Kula tu." Chai ilipotaka kuletwa, mzee alimwuliza kwanza mke wake kama wageni wapewe. Mke akakubali. Nilishukuru, maana baridi ilikuwa imenifika mifupani.

Hapo nikaona upumbavu wangu wote umekaa kwenye kile kiti. Mtoto anayepishwa kiti nyumbani, mimi nimemtafutia kingine chenye mikono nikasema ni adhabu. Na wenzake wote wanatoka kwenye maboma kama hayo, wanajua anayekaa kitini ni nani na anayekaa chini ni nani. Walinielewa vizuri kabisa, ni mimi niliyekuwa sijui nilichosema.

Zililetwa ndizi mbivu. Aliyegawa ni yeye. Mzee, sisi wageni, baba, mama, kaka yake, na mwisho akajichukulia ile ndogo iliyobaki. Kaka yake alichelewa kunyoosha mkono, akazabwa kofi. Kemunto akatazama nje. Baba akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, najua. Lakini nitagombeza mama yangu nikianzia wapi?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikauliza, "Kwani marehemu alikuwa anachapa watu?"

Kisha mzee akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa. "Huyo? Hata mbuzi hakuchapa. Akikasirika na wewe, anakwambia ukae. Anakupa chakula. Halafu ananyamaza, anakuangalia. Ningetaka anichape, iishe."

Baba akamgeukia mtoto, akachutama mbele ya kiti. "Mama, umesikia? Yule tulikuita jina lake hakupiga mtu." Bosibori alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeambiwa habari za jirani. Kisha akamenya ndizi yake akala.

Usifikiri, Mama, kwamba Jumatatu alikuja malaika. Jumatatu alimsukuma mtu. Madam Nyaboke akaamua kwamba kusukuma si kuumiza, tukaliacha hapo. Jumanne aliinua mkono, akautazama, akaushusha, akatukana kwa Kikisii. Tangu hapo mimi sikumkalisha mtu kwenye kile kiti. Nilikiacha palepale dirishani, nikampa yeye kazi ya kugawa vikombe vya uji, maana alikuwa anaifanya hata bila kupewa. Kila mlango ulipofunguka niligeuka, nikidhani ni mzazi mwenye mtoto aliyevimba.

Sasa Alhamisi. Hapa Athumani asome polepole zaidi, na wewe, Mama, usinikatize mpaka mwisho.

Madam Nyaboke alikuwa amekwenda mazishini Sironga, nikabaki peke yangu. Mvua haikungoja alasiri, ilianza asubuhi, na mvua juu ya mabati huku huwezi kusikia hata unachofikiri. Watoto hawakutoka nje hata kidogo. Walikuwa wanapanda meza, wanalia, wanakimbizana, na mimi sauti ilikuwa imekauka. Uji ulipoletwa, umepoa kwa sababu ya mvua, nikashukuru nikasema sasa watatulia. Nikainama kutafuta upawa. Brayo akaipiga sufuria teke.

Uji ulimwagika wote, ukaenda kwenye mikeka, kwenye sweta za watu, na kwenye ile leso yako ya njano uliyonifunga mabegani siku naondoka. Nilikuwa nimeikunja kando ili isichafuke. Brayo akacheka.

Nilichukua fimbo ya Madam, Mama. Niliichukua nikaiinua. Sikuwa nikilenga meza. Brayo alijifunika kichwa kwa mikono yake miwili, haraka, kama mtoto anayejua fimbo, na hata hilo halikunishusha mkono. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo.

Nikahisi navutwa gauni kwa nyuma. Nikageuka. Bosibori alikuwa amekiburuta kile kiti kutoka dirishani mpaka nyuma ya magoti yangu. Kwa ile mvua sikusikia hata miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Alinitazama juu akasema, "Ticha. Ikaransa."

Ni Kikisii, maana yake kaa. Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, nilikaa tu, na fimbo ikaanguka.

Akachukua kikombe, akaenda kukwangua chini ya sufuria kilichobaki, akarudi nacho nusu. Akanipa. Kisha akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akanyamaza, akinitazama. Hakuondoka mpaka nilipokunywa. Uji ulikuwa wa baridi na una mabonge, nami nilikunywa huku machozi yananitoka mbele ya darasa lote. Watoto nao walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wamekaa mikekani, wengine juu ya uji.

Halafu akamwendea Brayo. Nilijua hili ndilo kofi litakalomrudisha nyumbani, na sikuwa na nguvu ya kuinuka. Akamshika mkono, akamkalisha chini pahali pakavu. Akanijia, akanipokonya kikombe kikiwa na kidogo, akampelekea. "Kunywa." Akasimama mbele yake akamnyamazia vilevile. Brayo alilia kuliko siku ile ya kipande cha mbao.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, mwavuli unachuruzika. Alikuwa anapita kukagua madarasa yanayovuja. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Akauliza ni nani amefanya nini, na watoto wote wakanyoosha vidole kwa Bosibori, maana ndivyo wamezoea. Nikainuka nikasema hapana. Nikamweleza mambo yote, na la fimbo nikalisema, maana nisingelisema mimi lingesemwa na vidole vile.

Akaufunga mwavuli wake. "Mimi nilisema akiumiza mtoto," akasema. "Sijaona mwenye ameumia." Akamtazama Bosibori, Bosibori akamtazama yeye, na nakwambia kweli, mwenye kushusha macho kwanza hakuwa mtoto. "Abaki. Na wewe Madam, ukimaliza kufuta hapa, hiyo fimbo uniletee ofisini."

Nikaipeleka. Haijarudi. Madam Nyaboke sasa anaonyeshea herufi kwa kidole, na kelele zikizidi anatafuta fimbo, haioni, anakaa. Meza inapona. Kemunto nilimwambia jioni ileile pale kituo cha kupimia chai, mbele ya wenzake wenye vikapu. Alinipokea mfuko wangu akanibebea mpaka nyumbani, pamoja na kikapu chake, nikashindwa kumnyang'anya.

Leso nimeifua mara kadhaa. Imebaki alama upande mmoja. Nisamehe.

Nisalimie baba mdogo wa karakana, mwambie sweta aliyoniletea dakika ya mwisho nikamcheka ndiyo ninayolala nayo. Nisalimie shangazi wa mahamri, huku nimejaribu kuwapikia yakawa mawe, wakala kwa heshima. Nisalimie jirani yetu fundi cherahani, na mjomba wa Ukunda akipita. Athumani nimemsalimia kwa kumpa kazi ya kusoma.

Bibi nimemweka mwisho kwa makusudi. Juzi Ijumaa Bosibori aliniona na karatasi, akauliza naandikia nani. Nikamwambia mama yangu, na bibi yangu ambaye jina langu ni lake. Akauliza alikufa lini. Nikasema hajafa, yuko, yuko barazani sasa hivi, anakohoa kidogo, ananiita somo. Hakuniamini. Ilibidi niape.

Akafikiri sana. Akauliza, "Sasa kwenu kiti ni ya nani? Yako ama yake?"

Nikamwambia ni chake. Mimi hukaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

Akaweka mikono nyuma akanitazama kama siku ile ya uji. "Sasa Ticha, si uende ukakae."

Nimekwisha zungumza na mwalimu mkuu na Madam. Kabla chuo hakijafungua napanda basi. Mwambie Bibi asiinuke kunipisha.

Mwanao, somo ya Bibi,
Halima